Ukiona Namba Zaelea, Zimeundwa

Ukiiambia kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa lugha ya programu ya Python, haitakujibu 0.3. Itakuandikia 0.30000000000000004. Ukijaribu kwa JavaScript, lugha iliyomo ndani ya vivinjari vya intaneti, utapata jibu hilohilo, tarakimu kwa tarakimu. Mtoto wa shule ya msingi akiandika hivyo kwenye daftari lake atawekewa kosa.

Nimefundisha hisabati na kompyuta seminarini kwa miaka kadhaa, na hakuna jambo ambalo waseminari huniuliza mara nyingi kama hili. Wengine huuliza kwa kicheko, wengine kwa mashaka ya kweli: kama mashine inashindwa hesabu ya watoto, kwa nini tuiamini katika hesabu za parokia, za hospitali na za benki? Swali ni zuri na linastahili jibu kamili. Haitoshi kusema kwamba ndivyo kompyuta zilivyo. Nimeona pia, kama nitakavyosimulia, kwamba kutolijua jibu hilo kunaweza kumchafulia mtu jina.

Mizani yenye mawe ya nusu na robo

Fikiria duka la kijijini lenye mizani ya zamani ya sahani mbili. Muuzaji ana jiwe la kilo moja, la nusu, la robo, la nusu robo, na kuendelea, kila jiwe likiwa nusu ya lililotangulia. Ana jiwe moja tu la kila aina. Ukimwomba robo tatu, ataweka nusu na robo, kazi imekwisha. Sasa mwombe sehemu moja ya kumi ya kilo, yaani 0.1. Nusu ni kubwa mno, robo pia, nusu robo pia. Ataanza na jiwe la 1/16, ataongeza la 1/32, atafika 0.09375. Jiwe la 1/64 likiongezwa linapitiliza, la 1/128 nalo linapitiliza, kwa hiyo atayaruka yote mawili. Ataweka la 1/256 na la 1/512, atafika 0.099609375. Ataruka mawili tena, ataweka mawili tena. Akiendelea hivyo hadi jua lizame, ataikaribia 0.1 zaidi na zaidi, lakini hataifikia kamwe.

Huo si uzembe wa muuzaji. Sisi wenyewe tuna shida hiyohiyo na theluthi moja: 0.333, na tatu zisizo na mwisho. Kumi yetu imejengwa kwa 2 na 5. Ndiyo maana nusu, moja ya tano na moja ya kumi huandikika kikamilifu kwa desimali, lakini theluthi haiandikiki. Kompyuta hutumia kizio cha mbili, na humo 5 haimo. Basi hata moja ya kumi, ambayo sisi twaiona nyepesi, kwake haina mwisho.

Kwa kuwa kumbukumbu ya kompyuta ina kikomo, lazima mahali fulani muuzaji aache kuongeza mawe. Zamani watengenezaji wa kompyuta walikuwa na taratibu zao mbalimbali, na programu moja iliweza kutoa majibu tofauti kwenye mashine tofauti. Mwaka 1985 kikapitishwa kiwango cha pamoja kiitwacho IEEE 754. Mtu aliyechangia sana katika kazi hiyo ni William Kahan, mwanahisabati aliyezaliwa Kanada na kufundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1989 alipewa Tuzo ya Turing.

Kwa kiwango hicho, namba ya desimali ya kawaida huchukua biti 64: biti 1 ya kuonyesha chanya au hasi, biti 11 za kuonyesha nukta ikae wapi, na biti 52 za tarakimu zenyewe. Jiwe la kwanza huwapo karibu daima, kwa hiyo haliandikwi. Hivyo muuzaji wetu ana nafasi ya mawe 53 yanayofuatana. Kwa sababu nukta husogea huku na huko kulingana na ukubwa wa namba, wataalamu huziita namba za nukta inayoelea.

Basi ukiandika 0.1, kinachohifadhiwa si 0.1. Ni jirani yake wa karibu kuliko wote anayeweza kupimwa kwa mawe 53. Ukimwandika jirani huyo bila kuacha kitu, ni 0.1000000000000000055511151231257827021181583404541015625.

Kuandika ni kazi nyingine

Wengi huishia hapo na kusema: kumbe kompyuta hukadiria. Ni kweli, lakini ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ndiyo iliyonivutia zaidi mimi. Namba ile ndefu imo ndani. Mtu akiomba aandikiwe, kompyuta iandike nini?

Njia ya kwanza ni kuandika yote, tarakimu 55 baada ya nukta. Hakuna uongo ndani yake, lakini humchosha msomaji na kumfanya adhani kwamba kuna mtu aliyepima kwa umakini wa ajabu, kumbe hakuna. Njia ya pili ni kukata, tuseme tarakimu mbili: 0.10. Inasomeka vizuri, lakini namba nyingi mno zinavishwa sura moja. Hata 0.1000001 itaonekana 0.10. Ukihifadhi kwa maandishi hayo na kesho ukasoma tena, ulichokuwa nacho kimekwisha kupotea.

Njia ya tatu ndiyo inayofuatwa leo na lugha nyingi nzuri. Kanuni yake ni hii: andika tarakimu chache kuliko zote ambazo, zikisomwa tena na kompyuta, zitairudisha kwenye namba ileile na si kwa jirani yake.

Bwenini tunaijua kanuni hii bila kufundishwa. Akiwapo Yohana mmoja, ukiita "Yohana" inatosha. Wakiwapo wawili, utasema Yohana wa kidato cha pili. Wakiwa wawili hata kidato cha pili, utaongeza jina la baba. Hakuna anayetaja jina la mtu, la baba, la babu na la kijiji kila anapotaka kuazima kalamu. Na hakuna mwenye busara anayeita "Yohana" tu wakati anajua watageuka wawili.

Sasa turudi kwenye hesabu yetu. Namba iliyohifadhiwa badala ya 0.1 ina jina fupi lisilochanganywa na la mwingine yeyote: "0.1". Kwa hiyo huandikwa hivyo. Lakini 0.1 na 0.2 zikijumlishwa, vizidio vya zote mbili hukutana, na jumla huangukia jiwe moja mbele ya ile namba iliyo karibu kabisa na 0.3. Jina "0.3" lina mwenyewe tayari. Jumla yetu ni jirani wa mwenye jina hilo, na tofauti kati yao ni kama 0.00000000000000006. Kompyuta ikiandika 0.3 itakuwa imemwita mtu mwingine. Ndipo inapolazimika kutamka jina refu: 0.30000000000000004. Kumbe maandishi yale tunayoyacheka ni maandishi ya mkweli.

Ukoo wa majoka

Kanuni ni fupi kuitamka, lakini kuitekeleza kuliwachukua watu miaka. Kuna namba zenye ukubwa wa moja ikifuatwa na sifuri 300, na nyingine ndogo kwa kiasi hichohicho. Ili kujua kwa hakika jina fupi la namba kama hizo, unahitaji hesabu za namba nzima zenye tarakimu mamia. Ukikadiria katikati ya kazi, unaweza kuandika tarakimu ya mwisho isiyo sahihi, na hakuna atakayejua.

Guy Steele na Jon L White walianza kulishughulikia suala hili miaka ya 1970, na mwaka 1990 wakachapisha makala iliyolimaliza kwa uthibitisho. Mbinu yao waliiita Dragon4, yaani joka la nne. Katika mkutano huohuo wa wataalamu, William Clinger alieleza upande wa pili: namna ya kusoma namba za desimali kwa usahihi. Kuandika bila kusoma ni kama barua bila mpokeaji. Mwaka huohuo David Gay alitoa maboresho yake, na programu aliyoiandika ilienea katika mifumo mingi.

Tatizo lililobaki lilikuwa mwendo. Mwaka 2010 Florian Loitsch alileta mbinu aliyoiita Grisu, jina la joka dogo la katuni. Ilikuwa ya haraka sana, na toleo lake moja lina tabia ninayoipenda: takriban mara 1 kati ya 200 hutambua kwamba haina uhakika, na badala ya kubahatisha huikabidhi kazi kwa mbinu ya zamani iliyo polepole lakini thabiti. Mwaka 2018 Ulf Adams alileta Ryū, neno la Kijapani lenye maana ya joka, ambayo ni ya haraka na haihitaji msaada huo.

Lugha zenyewe hazikuifuata njia hii kwa pamoja. Python ilikuwa ikiandika 0.10000000000000001 pale ulipoiuliza 0.1, kwa sababu ilikuwa ikitumia tarakimu 17, ambazo hutosha kwa kila namba ya biti 64 lakini mara nyingi huzidi mahitaji. Toleo la 3.1, la mwaka 2009, ndilo lililoanza kuandika 0.1. Java ilichelewa zaidi. Kwa miaka mingi baadhi ya namba iliziandika kwa tarakimu nyingi kuliko inavyotakiwa, hadi toleo la 19 la mwaka 2022, lililotumia mbinu ya Raffaello Giulietti. Cha kushangaza ni kwamba Guy Steele mwenyewe alikuwa mmoja wa walioandika maelezo rasmi ya lugha hiyo.

Kosa la ndani na kosa la nje

Mtu anaweza kuuliza kama haya si mambo ya wataalamu wasio na shughuli. Nitoe mifano miwili inayojulikana.

Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud liliangukia kambi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia. Askari 28 walikufa. Mtambo wa Patriot uliowekwa kuwalinda haukulizuia. Saa ya mtambo ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na hiyo 0.1 ilikuwa imekatwa ili iingie katika biti 24. Kipunguo kilikuwa kidogo sana, lakini mtambo ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Haba na haba hujaza kibaba: saa ilikuwa imepotoka kwa takriban sekunde 0.34, na katika muda huo kombora husafiri zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitazama mahali ambapo kombora halikuwapo. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata.

Hilo lilikuwa kosa la ndani. La nje lilionekana Septemba 2007 katika Excel 2007. Ukizidisha 850 kwa 77.1 jibu ni 65,535. Excel iliandika 100,000. Ajabu ni kwamba hesabu yenyewe ilikuwa sawa. Ukilichukua jibu hilohilo na kulizidisha kwa 2, ulipata 131,070, jibu sahihi. Ndani mlikuwa na namba njema, ila sehemu ya programu iliyoigeuza kuwa tarakimu za kusomwa ndiyo iliyokosea, tena kwa namba 12 tu kati ya zote. Microsoft ilitoa marekebisho mwezi uliofuata. Lakini mtu aliyechapisha karatasi na kuipeleka kikaoni, karatasi ndiyo iliyokuwa hesabu yake.

Tofauti ya 0.00

Nami niliwahi kuona karatasi ya namna hiyo. Ilikuwa katika taasisi moja nilikofundisha kabla ya kuja hapa. Stoo ya chakula ilikuwa chini ya mama mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Vitu vidogo alivipima kwa mizani na kuandika kwa kilo. Pakiti ya hamira ya kilo moja, kwa mfano, ilitolewa gramu 100 kila siku ya kuoka mikate, naye aliandika 0.1. Daftari lake lilikuwa limehamishiwa kwenye programu ndogo iliyotengenezwa na fundi mmoja.

Mwisho wa robo mwaka programu ilitoa karatasi. Kwenye mstari wa hamira ilisema: iliyopokelewa 1.00, iliyotolewa 1.00, tofauti 0.00. Pembeni, kwa herufi kubwa, iliandika HAZILINGANI. Chumvi na majani ya chai vilikuwa na maneno hayohayo. Mkaguzi alitafakari, akafikia jambo ambalo hata mimi ningelielewa: kama mashine imeona tofauti, na tofauti haionekani kwenye karatasi, basi kuna mtu ameingiza mkono kuificha. Na aliyekuwa akiingiza takwimu alikuwa mmoja tu.

Mama yule hakupaza sauti. Aliniambia, "Mwalimu, nimepima kwa mikono yangu. Kama kuna kilichopungua, nitajiwe ni kiasi gani." Ombi lake lilikuwa la haki kabisa, na hakuna aliyeweza kulijibu. Alikuwa anatuhumiwa kwa kiasi ambacho karatasi yenyewe ilikiita sifuri.

Niliomba ruhusa kwa Baba Gombera, nikaifungua programu na kuangalia ilivyoandikwa. Ndani ilijumlisha 0.1 mara kumi na kupata 0.9999999999999999, ikailinganisha na 1, ikaona si sawa. Kisha, ilipofika kuandika, ilikata kila kitu kwenye tarakimu mbili. Ilihukumu kwa namba moja na kutangaza nyingine. Nilibadilisha mstari mmoja tu ili tofauti iandikwe yote bila kukatwa. Ikatoka: 1.1102230246251565e-16, yaani sifuri, nukta, sifuri nyingine kumi na tano, ndipo tarakimu zinaanza.

Kikaoni niliwaeleza habari ya mawe ya mizani kama nilivyokueleza wewe. Niliongeza kwamba hamira ni chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho, na kwamba tofauti iliyolalamikiwa haifiki hata sehemu ya mia ya uzito wa chembe moja. Mkaguzi, ambaye alikuwa mtu mwadilifu, alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Akasema, "Basi tuyafute maneno hayo, yaishe." Mama akajibu, "Samahani Baba, yasifutwe kimyakimya. Yaliandikwa, basi na haya yaandikwe." Gombera alikubali, na maelezo yakaingia kwenye kumbukumbu za kikao kwa maneno ya wazi, pamoja na namba yote ilivyo.

Mambo ya kushika

Waseminari wengi watakuja kuwa maparoko, na sahihi zao zitakaa chini ya hesabu ambazo hawakuzipiga wenyewe. Waumini wengi wamo katika kamati za fedha, vikoba na vyama vya akiba. Naomba mshike mambo machache.

Fedha zihesabiwe kwa namba nzima. Shilingi ni namba nzima, na penye senti, hesabu senti. Namba nzima hazina shida hii katika ukubwa tunaoutumia. Panapolazimu desimali, lugha nyingi zina aina maalumu ya namba za kizio cha kumi, na Python inayo pia. Stoo ile ilihamia gramu, na 100 mara kumi ni 1,000 bila ubishi.

Penye vipimo, usiiulize programu kama namba mbili ni sawasawa. Iulize kama tofauti yao ni ndogo kuliko kile mizani yako inachoweza kuona. Mizani ya jikoni isiyoona chini ya gramu moja haina cha kusema kuhusu sehemu ya bilioni ya gramu.

Kukata tarakimu kuwe jambo la mwisho, kwa ajili ya macho ya msomaji. Kinachohifadhiwa ili programu nyingine ikisome kiandikwe kwa ile kanuni ya jina fupi lisilochanganya. Na uamuzi utolewe kwa namba ileile inayoonyeshwa, ili anayesoma aweze kuuhakiki.

La mwisho linahusu watu. Karatasi ikisema hesabu hazilingani, swali la kwanza liwe "kwa kiasi gani?" kabla ya "ni nani?" Kama kiasi hakitajwi, bado hakuna tuhuma, kuna maandishi tu.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakiitazama jahazi baharini, lakini msemo unazifaa pia namba hizi zenye nukta inayoelea. Kompyuta inapokuandikia 0.1 tupu, nyuma yake kuna miaka mingi ya kazi ya watu waliokataa kuridhika na tarakimu inayokaribia kuwa sahihi. Na siku itakapokuandikia 0.30000000000000004, usiizomee. Imekataa kumwita mtu kwa jina la jirani yake.